Uliza Mwalimu: "Bag of Kevin" ama "Kevin's bag"?

Juzi niliandika hapa kuhusu watoto na kusoma kwa sauti, na meseji nyingi zilizorudi hazikuuliza kusoma hata kidogo, ziliuliza ile s ya Kiingereza yenye alama juu yake, ile ya kuonyesha kitu ni cha nani. Basi leo ni hiyo tu.

Mwalimu habari. Kijana wangu ako Gredi ya 4, kila insha inarudi imejaa wino mwekundu juu anaandika "the bag of Kevin" ama "Kevin bag". Nimeambiwa shuleni tuache kuongea Kiswahili kwa nyumba ndio Kiingereza kiingie, na shemeji yangu pia anasema hivyo hivyo. Sisi nyumbani ni Kiswahili tu, na Kiluhya kidogo na nyanya yake. Kweli tuache? – Mama, Umoja

Mama, usiache. Tafadhali usiache. Hiyo ushauri ya kunyamazisha lugha ya nyumbani ndio Kiingereza kipate nafasi naisikia kila muhula na kila muhula inaniuma, juu mtoto anapoteza maongezi na nyanya yake alafu Kiingereza chenyewe bado hakiji. Hata sera ya masomo hapa kwetu inasema wale wadogo, kutoka chekechea mpaka Gredi ya 3, wafundishwe kwa lugha inayotumika eneo lao, na Katiba ya 2010 kifungu cha 7 imekipa Kiswahili kiti cha lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna kosa unafanya.

Sasa tuangalie huyo kijana anafanya nini akiandika "the bag of Kevin". Kiswahili kinaweka kitu mbele na mwenyewe nyuma: mfuko wa Kevin, viatu vya Kevin, nyumba ya Kevin, na hiyo neno ya katikati inabadilika kufuata kitu, wa, vya, ya, cha, la. Hii yote alijua kabla aingie shule na hakuna mtu alimwandikia kwa ubao. Kiingereza kinageuza. Mwenyewe anatangulia, kitu kinafuata, na ile ya katikati haibadiliki hata kitu kiwe kimoja ama mia: Kevin's bag, Kevin's shoes, Kevin's house. Kijana wako amechukua "of" akaiweka pale "wa" hukaa, na hiyo ni akili inafanya kazi, si uzembe. Tena "of" yenyewe si haramu kwa Kiingereza, "the roof of the house" ni sawa kabisa, "the end of the road" pia. Kwa mtoto wa umri wake inatosha ajue kwamba mwenyewe akiwa mtu ama mnyama tunapenda hiyo s, na kwa vitu visivyo na uhai "of" mara nyingi inakaa vizuri, alafu maneno ya wakati kama today na yesterday yanachukua s pia, "today's homework", "yesterday's rain".

"Kevin bag" ni shida ingine tofauti na hapo ndio ningetaka ukae kidogo. Hiyo s ni sauti ndogo sana, na Kiingereza chetu cha Nairobi tukiongea haraka tunaimeza, kwa hivyo mtoto haisikii vizuri, na kitu mtoto hajasikia hawezi kukiandika hata umpigie kelele. Alafu kuna hii yetu ya mtaa, tunasema Mama Brayo, Baba Shiro, bila "wa" katikati, majina mawili yanakaa pamoja na kila mtu anaelewa, so mtoto haoni ajabu yoyote kuweka Kevin na bag bega kwa bega.

Kwa hivyo weka hayo madaftari pembeni kwanza. Jumamosi mkianua nguo, shika soksi moja umuulize, "Whose sock is this?" Akijibu "It's Baba sock" usimkemee, muulize tena lakini mwambie ajibu bila kutaja soksi. Hapa ndio kuna siri, juu akisema "It's Baba" amesema soksi ndiyo Baba mwenyewe, na watoto wakigundua hivyo wanacheka mpaka wanakaa chini. Ndio asikike vizuri lazima aseme "It's Baba's." Hiyo s haina mahali pa kujificha tena, hakuna neno lingine nyuma yake la kuifunika. Enda na kamba yote hivyo, sweta, leso ya nyanya, kaptula ya mtoto wa jirani iliyopeperuka ikaangukia kwenu, it's Mama's, it's Nyanya's, it's Brayo's. Ikishazoeleka mdomoni ndio mrudishe soksi nyuma, "Baba's sock."

Akiwa mkali kwa hiyo mpe mnyororo. Mwambie, simu ya rafiki ya kaka ya Achieng, aiseme kwa Kiingereza. Ataona lazima aanze mwisho arudi nyuma: Achieng's brother's friend's phone. Kwa Kiswahili unatoka kwa simu unaenda ukitafuta mwenyewe, kwa Kiingereza unatoka kwa mwenyewe unaenda ukitafuta simu. Mtoto akishika hapo amemaliza kazi kubwa, ile alama ya kuandika ni kitu kidogo tu kinakuja baadaye.

Na usikimbize. Kuna msomi wa Marekani, Roger Brown, alifuatilia watoto watatu wadogo ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, na akachapisha matokeo 1973. Aliona s ya wingi, kama books, inawaingia mapema kuliko s ya umiliki, na sauti ni ile ile. Kama hao walizaliwa ndani ya Kiingereza na bado inachukua muda, wako anahitaji subira, si kunyimwa Kiswahili.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Gredi ya 3 shule moja hapa Kayole, darasa limejaa na kitabu kimoja wanashikana watoto kadhaa. Nikiandika sheria kwa ubao wananakili vizuri na zoezi wanapita. Wakija kuandika habari yao wenyewe hakuna hata mmoja anaitumia. Nifanye nini na sina chati wala projekta? – Mwalimu, Kayole

Mwalimu, rejista unayo, na hiyo inatosha.

Hii s ina sauti tatu na vitabu vingi vinaruka hapo. Jina likiishia kwa sauti kama p, t, k ama f, inatoka s kavu: Philip's, Jack's, Joseph's. Likiishia kwa vokali ama sauti nzito kama n, m, l, d, ng, inatoka z: Mary's, Kevin's, Achieng's. Likiishia kwa s, z, sh, ch ama j, inaongeza silabi nzima, iz: Grace's, Rose's, George's. Sasa angalia rejista yako, Wanjiku, Otieno, Mutua, Juma, Halima, Nafula, majina yetu mengi sana yanaishia vokali, maana yake sauti darasa lako linahitaji zaidi ni hiyo z, na hiyo ndiyo karibu hakuna mtu anawafundisha, wanaambiwa "ongeza s" basi wanasema s ama hawasemi kitu.

Ukiita rejista asubuhi, badala ya "present" tu, ita Mutua na darasa lote lijibu "Mutua's desk", ita Grace lijibu "Grace's desk". Usiwaelezee sauti tatu kwanza, wacha mdomo ufanye, alafu baada ya siku kadhaa waulize majina gani yanaongeza mlio mrefu. Watakuambia wenyewe, na watoto wa Gredi ya 3 wanapenda sana kukamata kitu kama hicho kabla mwalimu akiseme.

Pia chora kwa ubao kiumbe ambacho hakipo duniani, mpe jina lako umebuni, tuseme "a tov", na umvalishe kofia. This is a tov. The tov has a hat. Whose hat is it? Hiyo mbinu ni ya zamani, Jean Berko huko Marekani alitumia wanyama wa kubuni hivyo kwa utafiti wake wa 1958, na uzuri wake ni kwamba mtoto hawezi kujibu kwa kukariri. Jina hajawahi kulisikia. Akisema "the tov's hat" ujue sheria iko kichwani, si kwenye daftari pekee.

Ukifika kuandika, wape kanuni moja tu: andika mwenyewe kwanza, umalize jina lake lote, ndio uweke alama na s. Usiwape kanuni ya umoja siku moja na ya wingi siku ingine na ya majina ya s siku ya tatu, watachanganya zote. Mwenyewe ni nani? Kevin. Liandike lote, Kevin. Sasa alama na s. Na tafadhali usifundishe s tatu wiki moja, kuna s ya wingi, kuna hii yetu, kuna ile ya "Kevin's sick" ambayo ni "is" imekatwa. Zote zinafanana na mtoto hana haja ya kukutana nazo kwa mlango mmoja siku moja.

Habari yao wenyewe itakuja ukiwapa kitu kinacholazimisha umiliki. "My weekend" hailazimishi, mtoto anaweza kumaliza ukurasa wote bila mtu kumiliki kitu. Waambie waandike vitu viko kwa chumba chao na kila kimoja ni cha nani, ama nani anakaa wapi kwa ploti yao, hapo watake wasitake itabidi waandike caretaker's door na my aunt's jiko.

Mwalimu, binti yangu yuko Gredi ya 6 na tukiwa kwa matatu yeye ni kusoma mabango tu. Ameniuliza mbona Starehe Boys' Centre alama iko mwisho, Gertrude's Children's Hospital ziko mbili, Teachers Service Commission hakuna, kibanda chetu kimeandikwa "Egg's and Smokie's", na Lang'ata tunakoishi pia iko nayo. Nilimwambia nitamjibu kesho na kesho haijafika. – Baba, Lang'ata

Baba, una binti mzuri sana na hayo maswali ningeyaweka kwa mtihani kama ningekuwa naweza.

Tumia ile kanuni nimempa mwalimu wa Kayole, andika mwenyewe umalize. Starehe, wenyewe ni akina nani? Boys, wengi. Liandike lote, boys. Tayari lina s mwisho, so unaweka alama na unasimama hapo, hauongezi s ingine: Boys'. All Saints' Cathedral pale karibu na Uhuru Park ni hivyo hivyo, watakatifu ni wengi, saints, alafu alama. Kama ingekuwa mtakatifu mmoja ingekuwa Saint's.

Gertrude's Children's Hospital kule Muthaiga ni darasa zima kwa bango moja. Gertrude alikuwa mtu kweli, mke wa Ewart Grogan, na mzee huyo ndiye alitoa ardhi hospitali ikaanzishwa 1947 kwa kumbukumbu yake. Mwenyewe ni mmoja, Gertrude, alama, s. Alafu hospitali ni ya watoto, children, na hilo neno tayari ni wingi lakini halina s mwisho, kwa hivyo baada ya kulimaliza unaongeza alama na s kama kawaida, children's. Watoto wengi wanaandika childrens' juu wamekaririshwa "wingi alama inaenda mwisho". Hiyo sheria ndiyo inawaharibu. Alama haijali umoja ama wingi, inakuja tu baada ya neno kuisha. Mpe na men, women, people ajaribu, na atakuja na men's, women's, people's bila kuuliza.

Teachers Service Commission haina juu hapo teachers imetumika kama neno la kueleza ni tume gani, si kusema walimu wanaimiliki, na majina ya taasisi kila moja huamua vile itajiandika. Hata Waingereza wenyewe hawakubaliani, London kuna stesheni mbili za treni zinafuatana kwa laini ya Piccadilly, moja ni Earl's Court, ingine Barons Court, moja iko na alama na ya pili haina. Mwambie binti jina la taasisi tunaliandika vile wenyewe wanaliandika, kwa insha yake anafuata kanuni.

Mayai na smokie za kibanda hazimiliki kitu, ziko nyingi tu, kwa hivyo ni Eggs na Smokies bila alama. Huyo mwenye kibanda asijisikie vibaya, kule Uingereza wauza matunda na mboga wamefanya hivyo mpaka watu wakaipa jina lao, ritifaa ya wauza mboga. Lakini Lang'ata ni kitu tofauti kabisa. Hiyo alama ni ile ritifaa wanafundishwa kwa somo la Kiswahili, ya ng'ombe na ng'ambo, inaonyesha vile ng' inatamkwa, ni kama sehemu ya herufi. Murang'a pia. Kwa hivyo mtoto wa Lang'ata anaijua hiyo alama kitambo kabla ya Kiingereza, na ni vizuri aambiwe mapema kwamba kwa Kiingereza ina kazi ingine. Mkitaka kuziona zote mbili pamoja mwandikieni sentensi, "Lang'ata's roads". Ya kwanza ni sauti, ya pili ni umiliki.

Ni James's ama James'? Kitabu kinasema moja na mwalimu anasema ingine. – Mwanafunzi, Pipeline

Zote zinakubalika. Mimi nafundisha James's juu ndivyo tunavyotamka, Jemsiz, na inafuata kanuni ile ile bila kuivunja. Kama kitabu cha shule yenu kinatumia James' tumia hiyo kwa mtihani, lakini usichanganye zote mbili kwa insha moja.

Its na it's zinanimaliza na mimi ndio nasaidia watoto. – Mama wa watatu, Kahawa West

Mama, "its" iko na ndugu zake: his, hers, ours, yours, theirs. Hakuna hata mmoja ana alama, na hakuna mtu amewahi kuandika hi's. Ukifika hapo soma sentensi kwa sauti ukiweka "it is". "The dog is wagging it is tail" haiwezekani, kwa hivyo ni its. "It is raining" inawezekana, kwa hivyo it's. Fanya hivyo kila mara, hata mimi hufanya.

Mwalimu, mimi ni guka, mjukuu ananiuliza hii alama ilitoka wapi na ni nani aliiweka. Nisaidie nisiaibike. – Guka, Kangemi

Guka, shikamoo, na pole kwa kusubiri. Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066 Wanormandi waingie Uingereza, kilikuwa na maneno yanayobadilisha mwisho wake kuonyesha umiliki. Mfalme alikuwa cyning, cha mfalme kikawa cyninges. Hiyo -es ndiyo babu ya s yetu. Miaka ilivyoenda e ikaacha kutamkwa kwa maneno mengi, na alama yenyewe ilikuja na wachapishaji wa vitabu karne ya 16, waliiga kwa Wafaransa, kazi yake ikiwa kuonyesha kuna herufi imeanguka. Baadaye ikaganda kama alama ya umiliki, na ile ya kuwekwa baada ya wingi kama boys' ilikuja kuzoeleka nyuma sana, kuanzia karne ya 18.

Lakini kwa mjukuu mimi ningeanza na siku za wiki, juu hizo anazijua. Tuesday, Wednesday, Thursday, zote zina s katikati na hiyo s ni ya umiliki, siku ya Tiw, siku ya Woden, siku ya Thor, hao walikuwa miungu yao ya zamani. Ile s ya Wednesday watoto wanailalamikia kila siku kwa imla ni ya kale kuliko alama yenyewe. Friday haina, na sababu ni kwamba Frig alikuwa mungu wa kike na neno lake lilikuwa kwa kundi lingine, halikuchukua -es. Sunday na Monday pia zilikuwa na mwisho mwingine. Kiingereza cha kale kilikuwa na makundi ya majina kama ngeli zetu, kila kundi na njia yake ya kusema "ya", na mwishowe hiyo -es ikashinda zingine zote ikabaki peke yake.

Mpe kalenda kwanza atafute mwenyewe siku gani zina s katikati kabla hujamwambia chochote, na akiuliza Saturday ilikula wapi s yake, mwambie ni ya Saturn, mungu wa Warumi, na zamani s ilikuwepo wakati mwingine, iliangushwa njiani.